Mahindi yenye mapengo: Jua linapolipiga ua na kuliacha jani

Bila shaka umewahi kusimama kando ya barabara jioni, ukamwambia muuzaji wa mahindi ya kuchoma akuchagulie hindi laini, naye akainua moja lenye punje tatu hapa, pengo pale, punje mbili kule, kama kinywa cha mtoto wa miaka saba. "Hili nitakupunguzia," akasema. Wewe ukakataa, ukachukua lililojaa, ukaenda zako.

Hindi lile la mapengo lina habari ndefu. Watu wengi wakiliona husema mbegu ilikuwa mbovu. Wengine hulaumu mbolea, na kuna wale ambao hawakosi kumtaja jirani mwenye jicho baya. Ni kweli kwamba mapengo huletwa na mambo kadha: ukame, wadudu wanaokata ndevu za mahindi, ama mimea michache iliyosimama peke yake pasipo wenzake. Lakini katika sehemu zetu za joto mara nyingi mshtakiwa ni jua lenyewe, na kosa hutendeka katika siku chache tu, ambazo mwenye shamba huenda hata hakuzitilia maanani.

Leo basi tutazame jinsi mmea unavyopambana na joto, silaha zake ni zipi, na kwa nini silaha hizo hukosekana mahali zinapohitajika zaidi.

Tuanze na hindi lenyewe. Zile ndevu unazozing'oa na kuzitupa kabla ya kuchemsha si mapambo. Kila unywele umeshikana na mahali pa punje moja, wala hakuna unywele unaohudumia punje mbili. Juu kabisa ya mmea kuna ua la kiume, lile linalofanana na ufagio uliosimamishwa, ambalo humwaga mamilioni ya chembe za chavua, ule unga wa manjano unaokushika nguoni ukipita shambani asubuhi. Chembe moja lazima itue juu ya unywele, iote, ishuke ndani yake mpaka chini, ndipo punje itungwe. Hindi lenye punje mia tano ni ndoa mia tano, kila moja imefungwa peke yake. Ikikosekana ndoa moja, hapo pana pengo.

Harusi hizi zote hufanyika kwa muda wa juma moja hivi. Juma hilo likikutana na mchana wa nyuzi 38 za sentigredi na zaidi, chavua nyingi hushindwa kuota, nazo ndevu hunyauka. Jani linaweza kubaki kijani, bua likasimama wima, na mpita njia akalisifu shamba. Siku ya kuvuna ndipo mambo hufichuka.

Najua msomaji wa mjini atauliza: Yanihusu nini mimi ninayenunua unga kwa pakiti? Yanakuhusu mara mbili. Kwanza, bei ya pakiti hiyo huanzia kwenye ndevu hizo. Pili, ziko zile pesa unazotuma nyumbani kila msimu za kununulia mbegu na mbolea. Nyumba nyingi za Nairobi na Mombasa zina ugomvi wa aina hii. Mtoto wa mjini ametuma pesa, mzee kijijini amepanda, yakavunwa madebe mawili, na sasa kila mmoja anamshuku mwenzake.

Katika ukoo wetu, kule Makueni, mama mdogo aliwahi kuitwa mbele ya kikao cha familia akashtakiwa kwamba aliuza mbegu alizonunuliwa na kupanda mahindi ya kula. Alikuja na pakiti tupu za mbegu mkononi pamoja na mahindi matano ya mapengo, akayapanga mezani, asiseme neno. Mvua ya vuli ilikuwa imechelewa mwaka huo, naye akachelewa kupanda, kwa hivyo mahindi yake yalitoa ndevu Januari, jua likiwa kali na mbingu nyeupe. Wajomba walinung'unika, wakaondoka. Hakuna aliyeomba radhi, na mpaka leo kuna wawili wasiosalimiana vizuri. Mimi naamini joto limevunja udugu mwingi zaidi ya tunavyofikiri.

Hasara hii imepimwa. Mwaka 2011 David Lobell wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na wenzake walichapisha hesabu za majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi yaliyofanywa barani Afrika na shirika la utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, na washirika wake. Waligundua kwamba kila siku moja ambayo mmea hupata joto la digrii moja kupita nyuzi 30, mavuno hushuka kwa asilimia 1, hata kama mvua imetosha. Palipo na ukame hushuka kwa asilimia 1.7. Hebu zidisha hapo kwa siku za mwezi mmoja wa jua kali, uone kinachobaki ghalani.

Mmea hauna miguu

Ng'ombe akisikia joto hujikokota hadi chini ya mwembe. Mtu hufungua dirisha, huvua koti, hunywa maji. Mmea hubaki pale ulipopandwa. Kwa hivyo kinga yake yote lazima itoke ndani yake.

Ni kitu gani hasa kinachoharibika? Chukua yai, ulivunje kwenye kikaango chenye moto. Ule ute uliokuwa maji maji huganda ukawa mweupe, na hata ukiutia kwenye jokofu mwaka mzima hautarudi ulivyokuwa. Ute ule ni protini. Protini ni kama uzi mrefu uliokunjwa kwa ustadi, na kazi yake hutegemea ule mkunjo. Joto huukunjua, nyuzi zikanasana, zikawa donge. Ndani ya kila seli ya mmea kuna maelfu ya protini za namna hii: za kutengeneza sukari kutokana na mwanga, za kusafirisha maji, za kujenga mbegu. Joto kali huanza kuzifanya ute wa yai. Aidha, utando mwembamba wenye mafuta unaozunguka seli hulegea kama samli iliyoachwa juani, na vitu vikaanza kuvuja.

Hapo ndipo jeni huingia. Wanafunzi wa sekondari watanivumilia nikieleza kwa ajili ya wazazi wao. Jeni ni agizo lililoandikwa ndani ya seli, la jinsi ya kutengeneza protini fulani. Mkusanyiko wa jeni zote ni kama kitabu cha mapishi kilichoko katika kila jiko la nyumba kubwa. Kitabu ni kile kile, lakini hakuna anayepika kila kitu kila siku. Ukurasa wa pilau hufunguliwa sikukuu. Vivyo hivyo mmea una kurasa ambazo hufunguliwa siku ya hatari tu, na baadhi yake ni za joto.

Kurasa hizi ziligunduliwa kwa bahati, tena kwa nzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanasayansi wa Italia, Ferruccio Ritossa, alikuwa akichunguza wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mtu fulani katika maabara alipandisha joto la kabati walimokuwa nzi wale. Ritossa alipotazama kromosomu zao kwa hadubini, aliona zimevimba mahali ambapo siku zote hapakuwa na uvimbe. Uvimbe huo ni dalili kwamba jeni za hapo zimeamka na zinafanya kazi. Jarida moja liliikataa ripoti yake kwa madai kwamba jambo hilo halina umuhimu. Lilichapishwa kwingine mwaka 1962. Mwaka 1974 Alfred Tissières na wenzake wakaonyesha kuwa jeni hizo zilizoamka zinatengeneza protini ambazo hapo awali zilikuwa chache mno. Leo tunajua kwamba karibu kila kiumbe hai anazo: nzi, mchunga ng'ombe, ng'ombe mwenyewe na nyasi anazokula.

Kwa upande wa mimea, kazi kubwa ya mwanzo ilifanywa na Joe Key na wenzake katika Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, kwa kutumia miche ya soya. Mwaka 1984 walieleza jaribio ambalo mimi hulipenda kwa urahisi wake. Miche iliyozoea nyuzi 28 ikitiwa moja kwa moja katika nyuzi 45 kwa saa moja au mbili hufa. Lakini miche mingine iliyotangulizwa kwanza katika nyuzi 40, kisha ikatiwa katika hizo 45, iliishi. Ilikuwa imepewa nafasi ya kufungua kitabu na kupika protini za kinga kabla moto wenyewe haujafika.

Mkulima wa nyanya atacheka akisikia haya. Yeye huondoa kivuli cha kitalu chake kidogo kidogo kabla ya kuhamisha miche, na alianza kufanya hivyo kabla hajasikia neno jeni.

Mlinzi na mafundi

Swali la mwerevu ni hili: Mmea hujuaje kwamba joto limezidi, ilhali hauna ngozi kama yetu wala ubongo?

Wataalamu hueleza njia kadha, na moja ni ya kupendeza sana. Fikiria jumba lenye mlinzi na mafundi. Kazi ya mlinzi ni kupiga kengele ya hatari. Siku za kawaida mafundi hawana shughuli nyingi, kwa hivyo huketi na mlinzi, wamemshika mkono, hawamwachi aende popote. Moto ukizuka, mafundi hukimbia kuokoa vyombo. Mlinzi, sasa yuko huru, hukimbilia kengele na kuipiga. Kengele ikilia, mafundi wengine wengi huletwa. Moto ukizimwa, mafundi hurudi kwa wingi, wakamshika mlinzi tena, na kengele ikanyamaza.

Katika seli, mafundi ni zile protini za kinga, ambazo hushika protini zilizokunjuka zisinasane. Mlinzi ni protini nyingine ambayo huingia katika kiini cha seli na kuziamsha jeni za joto. Vyombo vinavyookolewa ni zile protini zilizoanza kuharibika. Mpango wote hujiendesha wenyewe, na huweza kuanza dakika chache baada ya joto kupanda.

Kati ya mafundi hao kuna mmoja shupavu anayeitwa HSP101. Yeye hufumua madonge yaliyokwisha kunasana, mithili ya mtu anayeweza kulirudisha yai lililoiva likawa bichi. Mwaka 2000 vikundi vya Elizabeth Vierling na Susan Lindquist huko Marekani vilionyesha kwamba mmea mdogo wa jamii ya haradali uitwao Arabidopsis, ukikosa jeni ya fundi huyu, hufa kwa joto hata kama umetangulizwa kuzoeshwa. Mahindi nayo yana jeni hiyo. Kwa hakika mimea yetu yote ya chakula ina mafundi wa aina hii. Hakuna mmea uliokuja duniani mtupu. Tofauti ni kengele hulia mapema kiasi gani, mafundi huja wangapi, na huja katika sehemu gani za mmea.

Wengine wataona ni afadhali basi tupate mmea ambao kengele yake hailali. La, hasha. Seli inapotengeneza kinga, kazi zake za kawaida hupungua sana. Mmea unaokaa katika hali ya hatari msimu mzima hudumaa, nawe ukavuna majani.

Sasa turudi kwenye ua, ambako ndiko kwenye msiba wenyewe. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Ufaransa, Dupuis na Dumas, walizichunguza sehemu za uzazi za mahindi moja moja. Ndevu zilipopata joto zilitengeneza protini za kinga kama kawaida. Chavua iliyokomaa haikutengeneza. Bibi arusi alikuwa amejiandaa kwa jua, bwana arusi akaja bila hata kofia. Chembe ya chavua husafirishwa na upepo, na haina nafasi ya kupika chochote njiani. Ndiyo maana shamba laweza kuwa la kijani kibichi na ghala likawa tupu.

Maharagwe na usiku

Maharagwe yana taabu yao tofauti. Haya ya kawaida, Rosecoco, Wairimu, Nyayo na ndugu zao, asili yake ni Amerika, sehemu za milimani zenye usiku wa baridi. Kinachoyaumiza zaidi ni joto la usiku. Usiku ukipanda kufikia nyuzi 20 hivi na kuendelea, chavua yake huanza kuharibika ikiwa bado inaumbwa ndani ya ua, maua hudondoka, na maganda yanayobaki huwa na mbegu moja au mbili. Ndiyo sababu ukiteremka kutoka Kiambu kuelekea Pwani utaona maharagwe yakipungua mashambani, na kunde, pojo na mbaazi zikichukua mahali pake.

Shirika la CIAT lenye makao nchini Kolombia lilitafuta dawa katika ukoo wa maharagwe wenyewe. Kuna binamu mmoja maskini aitwaye tepari, ambaye hustawi katika jangwa la kaskazini mwa Meksiko na kusini magharibi mwa Marekani. Ni mdogo, si wa kupendeza sana machoni, lakini usiku wa joto haumtishi. Kumwoza kwa maharagwe ya kawaida si kazi rahisi, kwani mimba hutoka mara nyingi, ikabidi wataalamu wazilee changa hizo kwenye chupa za maabara. Mwaka 2015 Steve Beebe na wenzake walitangaza kwamba baada ya kujaribu aina zaidi ya 1,000 walikuwa wamepata kama 30 zinazobeba vizuri katika joto. Nyingi zilikuwa na damu ya tepari.

Habari ya mpunga inatugusa Waafrika zaidi. Dunia ina aina mbili za mpunga uliofugwa na binadamu. Ule wa Asia ndio unaojaza magunia kila mahali, hata kwetu Mwea. Wa pili ulifugwa Afrika Magharibi, katika bonde la mto Niger, yapata miaka 3,000 iliyopita. Mpunga huu wa Kiafrika huzaa kidogo na punje zake hudondoka upesi, kwa hivyo wakulima wengi waliuacha mpunga wa Asia ulipoenea. Ukawa chakula cha wazee na cha matambiko.

Mwaka 2015 kikundi cha Lin Hongxuan huko Shanghai, Uchina, kilitaka kujua kwa nini aina moja ya mpunga huo, yenye jina kavu la CG14, hustahimili joto kuliko ule wa Asia. Wakaupata ukurasa wenyewe katika kitabu, wakauita TT1. Jeni hii haihusiki na mafundi wa kukunja protini. Inahusika na kuzoa takataka. Protini zikiharibika kabisa zisiweze kutengenezeka, lazima ziondolewe upesi zisiisumishe seli. Mpunga wa Asia unayo jeni hiyo pia, ila imeandikwa tofauti kidogo, na uzoaji wake katika joto ni wa polepole. Mkaaji wa mtaa ambao lori la taka halijapita wiki tatu ataelewa tofauti hiyo bila maelezo.

Mwaka 2022 kikundi hicho hicho kikatoa habari ya pili kutoka kwa CG14, mahali palipoitwa TT3. Hapo pana jeni mbili zinazoshirikiana. Protini ya kwanza hukaa kwenye utando wa nje wa seli kama mtu wa mlangoni. Joto likija, huingia ndani na kumwondoa mwenzake wa pili, ambaye akizidi huziharibu zile sehemu za kijani zinazotengeneza chakula cha mmea. Mpunga wa Asia uliotiwa sehemu hiyo ya CG14 kwa kuzalishwa pamoja ulitoa mavuno zaidi kwa kama asilimia 20 katika mashamba yenye joto.

Jina hilo CG14 lina historia nyingine. Katika miaka ya 1990 Monty Jones, mwanasayansi kutoka Sierra Leone, akifanya kazi Côte d'Ivoire, aliuzalisha mpunga huo huo na wa Asia, akapata aina zilizoitwa NERICA, ambazo zimelimwa mpaka Uganda na hapa Kenya. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2004. Kwa hivyo mpunga ulioachwa na wengi kwa kuwa hauzai umetafutwa mara mbili na watu wenye maabara. Laiti wale wazee wachache wangeacha kuupanda, hakuna ambaye angekuwa na cha kutafuta.

Kwetu sisi tatizo la mahindi lina kizungumkuti cha ziada. Joto na ukame huja pamoja, na matakwa yake hupingana. Joto likizidi, mmea hutaka kufungua vile vitundu vidogo vya majani ili utoe mvuke na kupoa, kama sisi tunavyotokwa na jasho. Ukame ukizidi hutaka kuvifunga ili kuhifadhi maji. Vikija vyote viwili, ufanye nini? Jill Cairns wa CIMMYT na wenzake walijaribu mahindi katika hali hizo, Kiboko kule Makueni, penye kituo cha utafiti kando ya barabara ya Mombasa, ikiwa sehemu moja ya majaribio. Mwaka 2013 waliripoti kwamba mahindi yanayostahimili ukame hayawi lazima mazuri ukame ukichanganyika na joto. Jeni zinazosaidia huku si zile zinazosaidia kule. Mfuko ulioandikwa kwamba mbegu hustahimili ukame haujasema lolote kuhusu jua la Januari.

Baadhi ya wasomaji watakuwa wameshaanza kuuliza: Je, hizi ni zile GMO? Niliyoeleza juu ya maharagwe na NERICA ni uzalishaji wa kuoanisha mmea na mmea, ule ule wa fahali wa daraja na ng'ombe wa kienyeji, ila mtaalamu leo huweza kusoma jeni za mche mdogo na kujua ni upi wa kuendelea nao bila kungoja uzae. GMO ni kuingiza jeni moja kwa moja katika maabara. Kenya ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula hivyo mwaka 2012, serikali ikaondoa marufuku Oktoba 2022, na kesi zikafika mahakamani. Mjadala huo una safu yake siku nyingine. Kwa joto, kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba kinga huongozwa na jeni nyingi kwa pamoja, na hakuna moja unayoweza kuipachika ikamaliza kazi.

Kwa wale wanaotuma pesa nyumbani, kuna mambo mawili matatu ya kuzungumza kwa simu. Muhimu kabisa ni tarehe ya kutoa ndevu. Mahindi ya kukomaa upesi, kama yale ya Katumani yaliyotengenezwa Machakos tangu miaka ya 1960, hayana kinga kubwa ya joto. Ujanja wake ni kuchanua mapema, jua kali likute ndoa zimekwisha fungwa. Kwa hivyo mbegu ikifika wiki mbili baada ya mvua, kwa sababu pesa zilingoja mwisho wa mwezi, faida yote imepotea. Wengine hugawa shamba, wakapanda aina mbili zinazochanua majuma tofauti. Matandazo ya nyasi kavu hupunguza joto la udongo na kuzuia maji yasipotee, na mmea wenye maji hujipoza wenyewe. Mtama, kunde na pojo navyo visidharauliwe. Asili yake ni nchi za joto.

Na ikiwa nyanya yako bado anatundika masuke ya mbegu ya zamani juu ya meko, muulize jina lake na mahali ilikotoka kabla hamjabomoa jiko. Huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kuna Benki ya Jeni ya Taifa iliyoanza kazi mwaka 1988. Mbegu za mashamba ya watu wa kawaida kutoka kila pembe ya nchi hukaushwa pale, hufungwa zisiingiwe na unyevu, na kuwekwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri. Kila baada ya muda huchukuliwa chache zikapandwa kuona kama bado zinaota. Kila mfuko huwekewa namba, jina la aina kwa lugha ya mwenye shamba, na kijiji ilikotoka.